Karani wa Mizani

Khaemba, leo nimewaambia kidato cha tatu wafunge vitabu.
Tulikuwa tunahesabu mizani, nane kwa nane,
Nafuna wa dawati la mbele akauliza,
"Mwalimu, ni kweli yule karani wa miwa alikuwa rafiki yako?"
Alikuwa, nikasema,
na wakati uliopita ukanikaa mdomoni
kama changarawe kwenye wali.

Wewe uliyepima matrela miaka kumi na mmoja,
ukaandika tani kwa kalamu ya bluu,
saba zako zote zimefungwa mkanda kiunoni,
wewe uliyemkimbilia mkulima hadi langoni
kwa sababu ulikosea kilo arobaini, zake,
leo unapimwa na kila mtu.

Kwenye kinu cha kusaga wanasema deni.
Laki tatu, asubuhi. Kufika jioni ni laki nane:
kifo chako kinapanda bei kuliko miwa.
Kwa kinyozi wa Kanduyi ni mwanamke,
tena wa Kitale, tena ana watoto wawili wenye masikio yako.
Vijana wa bodaboda wanasema kamari.
Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono barabarani,
nikadhani ananipa pole,
kumbe anataka kujua kama uliacha barua,
na kama nimeisoma,
na imesema nini.
"Mimi si mtu wa umbeya," akasema, "ni uchungu tu."

Uchungu gani huo, Khaemba, unaotembea umetega sikio?

Wazee waliamua uzikwe kabla jua halijachomoza,
bila kumuse, nje kidogo ya migomba.
Mchungaji alituma salamu kwamba ana homa.
Dada yako Nasambu alishika tochi.
Tulikuwa watu kumi na wanne. Nilihesabu,
ningefanya nini kingine na macho?
Mama Nabalayo hakulia. Alikuwa na viatu vyako vya kazi,
akavipangusa vumbi kwa ncha ya leso,
akavipangusa,
hata mtu akamwambia, basi, Mama.
Hakusikia.

Najua nini mimi? Kidogo.
Ulikuwa ukimega andazi, ukanipa kipande kikubwa
na kunidanganya kwamba umeshiba.
Ulicheka kwa pua.
Ijumaa ile ulinirudishia mwavuli
niliokuwa nimesahau kwamba unao tangu mvua za Aprili,
ukasimama mlangoni, ukauliza, "Bado unatunga?"
Nikasema, "Nikipata nafasi,"
nikiangalia saa. Madaftari hamsini na mawili yalikuwa yananingoja.
Ukasema, "Sawa basi, mwalimu."

Sawa basi.
Nimeyageuza maneno hayo kila upande, usiku baada ya usiku,
kama anayepapasa ukuta akitafuta mlango.
Kwa hiyo usidhani mimi ni msafi kuliko kinyozi.
Mimi pia nakisia.
Sina wasikilizaji tu.

Siku moja ulinionyesha kazi yako. Gari, ulisema,
hupimwa mara mbili, likiwa na mzigo
na likiwa tupu. Toa hili kwa lile, ndipo utajua lilibeba nini.
Hawa wameliona tupu, Khaemba.
Limelala tupu mbele yao, nao wanataja tani.
Na mimi niliyekuwapo lilipopita limejaa,
nilikuwa naangalia saa.

Ningekutungia tarbia, vina vya kati na vya mwisho,
lakini tarbia hudai kituo,
na kituo sikioni.

Leo jioni nimepita langoni. Kuna karani mpya,
kijana wa Sirisia, mpole, anaandika kwa kompyuta.
Trela ilipanda. Namba nyekundu zikayumba,
zikayumba,
zikatulia.
Mvua ikaanza.
Mwavuli ninao.
Sijaufungua.