Baada ya Mkato

Dundee, Januari, ghorofa ya tatu,
ngazi za mawe zimelika katikati kama kipande cha sabuni.
Mzee Wattie Geddes alitufungulia akiwa na koti,
koti la nje, ndani ya nyumba yake mwenyewe.
"Hakuna harufu," alisema kabla hatujavua kofia.
"Mtapima bure."

Senga Petrie, fundi wangu, mwenye sugu za magotini,
hakumjibu. Alipiga goti mbele ya mita,
akafunga koki, robo mzunguko,
akatundika kile kioo cha herufi U
chenye maji mekundu tumboni.
"Koki ikikwambia imefunga," alininong'oneza,
"usiisadiki. Ipe dakika."
Tukapandisha maji, hayakufika kumi, tukayakodolea macho.
Yangepanda, koki ingekuwa mwongo,
inapitisha gesi kwa mlango wa uani.
Hayakupanda.

Kisha ishirini: kumi juu ya sifuri, kumi chini yake.
Dakika nyingine, na hii si ya kupima,
ni ya kungoja gesi itulie mabombani,
itwete, inyamaze, kama sisi baada ya zile ngazi.

Halafu dakika mbili zenyewe.

Sikujua dakika mbili zina vyumba vingi hivyo.
Shakwe alitembea juu ya paa.
Mzee alikuna mkono wa kiti palipochanika.
Maji ya juu yakashuka mstari.
Maji ya chini yakapanda mstari.
Mmoja na mmoja.
Yakakomea hapo, saa ikalia.

"Mbili!" nikasema, kwa furaha ya mtu aliyekariri:
kwa mita ndogo kama hii, jiko na boila vikiwa vimeunganishwa,
milibari nne zinaruhusiwa.
Nikatoa kalamu. Nikaandika IMEFAU

"Malizia sentensi," alisema Senga.
"Ninaimalizia."
"Si hiyo. Ya kitabu."

Nikaikumbuka ile nusu inayokaa baada ya mkato,
ambayo jicho la mwanafunzi huiruka:
na pasiwe na harufu.

"Nimeshawaambia hakuna," alisema mzee.
Senga alimgeukia taratibu.
"Chai yako ya asubuhi, Bwana Geddes, ilinukaje?"

Kimya. Shakwe akarudi.

"Tangu ile homa," alisema. "Mwaka juzi.
Pua ya nyumba hii ilikuwa Netta.
Mkate unaungua, Wattie. Badili soksi, Wattie."
Netta walimzika Oktoba.
Na mimi, niliyekuja kupima,
nilikuwa na mafua tangu Jumapili.

Basi akaingia yeye, kichwa mbele, nyuma ya jiko,
miguu tu ikabaki nje, na sauti: "Hapa. Leta sabuni."
Tukapaka kiungo cha shaba.
Povu likafumba, likafumbua:
tone likavimba kama punje ya mtama,
likapasuka, likaja jingine,
bila pupa, kama mtu asiyedaiwa.
Ufa wa ukuta utauona, utauziba, utalala.
Ufa huu hauachi ukuta wa kujenga upya.

Alikata, akasafisha, akaunga upya.
Tukapima tena tangu mwanzo,
koki, dakika, dakika, dakika mbili.
Ishirini.
Ishirini.
Bado ishirini.
Nilifuta lile neno langu pungufu
nikaliandika zima, polepole, kwa mwandiko mzuri.

Tulipokuwa tunafunga mifuko
mzee alisimama kando ya friji, mkono mlangoni,
kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda haja.
"Na maziwa?" alimuuliza Senga. "Kwa kuwa upo?"

Senga alifungua kifuniko, akainamisha uso,
akayamwaga yote kwenye sinki,
akaacha bomba la maji wazi kwa muda mrefu.