Barabara ya Tisa

Daktari wa Bombo alisema moyo wa kaka umevimba.
Mama akasikia vingine:
"Mbaruku? Hajamvimbia mtu tangu nimzae."
Daktari akafunga faili, akaanza upya, polepole,
kama anayemwelekeza mgeni njia:
ni msuli wa moyo, mama. Korona ilipita humo,
na ilipotoka haikufunga mlango.

Tuliijua ile homa. Siku nane za kikohozi, tangawizi, kujifukiza.
Siku ya tisa akapanda baiskeli, kreti la mikate nyuma,
alfajiri, Ngamiani mpaka Pongwe,
akarudi anacheka: "Nimeishinda."
Wiki ya tatu akaanguka, tena si mlimani,
mteremkoni.
Mikate ikatapakaa. Kuku wa watu wakapata karamu.

Wakaja kumtazama, kila mtu na lake.
Bi Mwantumu: hii ni sindano.
Mumewe: sindano gani, na huyu hakuchanja?
Bi Mwantumu: basi ni kukosa sindano.
Kaka chini ya shuka, nyaya kifuani,
anasikiliza mashine ikimhesabia.
Kila anayeaga anamwambia, jipe moyo.
"Nijipe wa nani?" akaniuliza walipokwisha kutoka.

Muuguzi Shekiondo akamkunja vidole:
ukubwa wake ndio huu, sawa na ngumi yako.
Miaka yote tunaambiana piga moyo konde,
kumbe konde lenyewe limo ndani,
na la kaka halikunjiki vizuri, halikunjuki vizuri.

Miezi sita asikanyage pedali.
Nikakanyaga mimi.
Wa kijiweni walinipigia miluzi juma la kwanza;
juma la pili wakataka mkate wa mkopo.
Nikifika Pongwe moyo unanigonga masikioni, pu, pu,
mzima,
na sijapata kuushukuru hata siku moja.

Yeye anatembea. Tunakaa barabara ya kumi na sita;
alipanga kila wiki ajiongezee moja.
Ya kumi na tano alirudi na jasho, hakusema na mtu.
Ya kumi na mbili ilimshika mwezi mzima.

Jana sikumkuta nyumbani. Nikazunguka na baiskeli
nikamwona ya tisa, kibarazani kwa kinyozi,
ngumi kifuani, midomo inahesabu.
Sikumwita. Nikashuka, nikaegesha,
nikangoja amalize hesabu yake.