Mwenza wa Asumini

Debe lilikuwa la samli.
Nililitoboa matundu saba kwa msumari,
nikatandika vigae vya chungu kilichopasuka, makumbi juu yake,
udongo niliouagiza Kwale, samadi ya mbuzi wa jirani.
Fito tatu, kamba ya usumba.
Asumini ikajua kazi yake,
ikapanda.

Ila mguuni palikuwa uchi,
na dari za Kibokoni saa saba mchana hazina huruma na mzizi.
Simenti huchemka. Debe hushika moto kama kikaango.
Asumini hutaka kichwa juani, miguu kivulini,
kama mtu aliyeketi barazani
akanyoosha shingo aone nani anapita.

Nikaanza kuitafutia wa kuishi naye.

Nanaa kwanza, kwa tamaa yangu ya chai.
Iliingia kwa adabu, vijani viwili.
Mwezi haukuisha, ikapita chini kwa chini;
nilipopekua, mizizi myeupe imesukana kama mkeka,
na asumini imekaa juu yake
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Nikaihamishia sufuria yake mwenyewe. Huko itawale.

Kunde nilizipendea maua.
Lakini wapandaji wawili, kamba moja!
Asubuhi nilikuta zimeikumbatia asumini shingoni,
na kukumbatia kwao ni kunyonga.

Nikajaribu yale maua ya makaburini,
hayaombi maji, hayana makuu.
Bi Nuru wa chini akapanda ngazi makusudi:
"Haya si ya nyumbani, mwanangu. Haya ni ya waliolala."
Nilicheka. Usiku nikayang'oa.

Na maji ndiyo hakimu.
Ya kisima yana chumvi, hubabua ncha za majani;
matamu huja kwa mkokoteni,
na bei hupanda kabla mtungi haujapanda ngazi.
Basi mwenza wa debe ni yule anywaye kiasi,
mwenye mizizi mifupi, asiyeparamia,
atandazaye kivuli akanyamaza.

Ikawa mrehani.
Nikaupanda upande wa jua,
nikiukata kilele kila wiki unenepe chini.
Wiki ya tatu nikatia kidole udongoni, adhuhuri:
baridi. Baridi kabisa, kama ndani ya mtungi.

Haya nimeyajua kwa vidole.
Athmani hakutia kidole popote.
Mwaka jana alileta mwenza wangu, akamweka Majengo,
hakupima maji, hakuuliza mizizi,
na mimi nikazijua siku za juma
kwa zile ambazo mlango haukugongwa.

Jana alikuja mwenyewe, Mwanasiti.
Ngazi arobaini na mbili, jasho, mtungi begani.
"Maji matamu," akasema. "Nimesikia una asumini.
Nataka za kikuba. Kidogo tu."
Ni mdogo kuliko nilivyomchukia.

Nikamchumia ambazo hazijafumbua,
nikazifunga kwa jani la mgomba
na vitawi vitatu vya rehani,
kwani uzini hukaa pamoja vizuri, hizo mbili,
tangu kabla ya debe langu.

Sikumwambia karibu.
Nilimwonyesha tu pa kuutua mtungi:
pale, penye kivuli,
mguuni mwa debe.