Kutafuta Funguo

Ulikuwa ukisema, ukimwona mtu anakimbia mtaani
bila tramu mbele yake wala mbwa nyuma yake:
"Huyo naye anakimbizwa na nani?"
Leo, mama, waulize watu elfu tatu.
Waulize hapahapa Łódź, asubuhi ya Aprili,
baridi ya nyuzi sita, mvua ya kujaribujaribu,
nami nimo katikati yao, nambari 2816 kifuani,
imeshikwa na pini zako za kopo la biskuti,
lile ambalo tangu nizaliwe halijawahi kuwa na biskuti.

Kilomita ya kwanza nilikwenda kama mwizi.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nilijua,
lakini nani hukumbuka ukingo bastola ikishalia?

Ya tano, tukapita kiwandani kwako.
Siku hizi ni maduka. Pale uliposimama miaka thelathini na mmoja
kati ya mitambo kumi na miwili ya kufumia
wanauza viatu kama hivi nilivyovaa.
Mitambo ilikula masikio yako kwanza;
ndiyo maana ulinong'ona kwa kupiga kelele,
siri zetu zikajulikana hadi kwa muuza makaa.
Kisha vumbi la pamba likateremka kifuani,
jepesi, jeupe, halina haraka,
likafuma humo kitambaa chake.

Hatukujua. Tulikaa ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Kila siku ukifika ya pili ulisimama,
ukaweka viazi chini, ukafungua mkoba,
ukaanza kutafuta funguo.
Ghorofa mbili kabla ya mlango!
Mimi na Ireneusz tulikufa kwa kicheko.
"Mama, bado hatujafika."
"Najua. Najitayarisha."
Ukapekua, ukapekua, mgongo umetupa sisi,
mabega yakipanda, yakishuka.

Ya kumi na tatu, kipande cha chungwa kutoka kwa mtoto.
Ya kumi na tano sikumbuki.
Ya kumi na saba, kando ya ukuta wa reli,
pumzi ikanikatalia kama mlango uliovimba kwa mvua.
Nikajitenga pembeni, nikapiga goti,
nikafungua kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa.
Nikaifunga. Nikaifungua tena.
Mzee mgawa maji, koti la plastiki la njano, akainama:
"Kamba, siyo?"
"Kamba," nikasema.
Akaja akasimama kati yangu na watu,
akatazama upande mwingine, kwa adabu,
mpaka kamba ilipokubali.

Hapo ndipo nilipokuona.
Si mawinguni, wala hukunisukuma mgongoni
kama walivyoniahidi wale wanaokimbilia wafu wao.
Nilikuona ghorofa ya pili, mkono umezama mkobani,
na funguo zimo mfukoni mwa koti, siku zote,
zikilia kila ulipopanda ngazi. Nilizisikia!
Nilizisikia, na sikuwahi hata mara moja
kusimama mbele yako
nikatazama upande mwingine.

Nilimaliza. Nilitumia saa mbili na dakika thelathini na nane.
Aliyeongeza zile mita tisini na saba
baada ya kilomita ishirini na moja simjui;
nilimtukana mita zote hizo, kwa sauti yako,
hata mpiga picha akageuka.

Jioni nikaenda kwenye nyumba
ambayo Ireneusz ataikabidhi mwisho wa mwezi.
Miguu si yangu, ngazi ni zilezile.
Ghorofa ya pili nikasimama, nikafungua mkoba.
Bi Grzelak akachungulia mlangoni mwake,
akaona medali inaning'inia, na mimi nimeinama.
"Umepoteza kitu, mwanangu?"
"Funguo," nikasema.
Zilikuwa mkononi.