Sentimita Nne kwa Mwezi

Kilomita mbili na nusu chini ya theluji ya Abitibi
kuna joto la kuvua koti.
Kila Jumanne napima upana wa njia:
pini ya chuma ukuta huu, pini ukuta ule,
utepe katikati.
Januari, mita tano kamili.
Machi, nne na sentimita tisini na mbili.
Mwamba unakuja. Hauna haraka, wala haurudi.

Si jabali la kugonga ukasikia mlio.
Ni kurasa, kurasa za kijivu zilizosimamishwa wima,
na sisi tulipochomoa chache katikati
zilizobaki zikaanza kusogea,
kama waumini kwenye benchi anapoondoka mmoja.

Ufa uzibwe, alisema Thierry Lamontagne,
mhandisi mpya, buti zake bado zanukia duka.
Tukaziba. Nondo nene, gundi ngumu,
zege la kupuliza juu ya wavu.
Usiku wa tatu nondo zikaanza kukatika,
moja, kisha mbili, kisha nikaacha kuhesabu.
Bamba moja likaruka njia nzima
likapasua taa ya mtambo wa kuchoronga.
Hakuumia mtu. Tulikuwa tunakula.

Odilon alimeza mkate wake kwanza.
Miaka thelathini na moja anafunga dari hizi,
vidole viwili vya kushoto havikunjiki.
"Usiukatalie," alisema. "Upe njia,
ila utoze ushuru."

Ndiyo maana sasa tunaweka chuma ndani ya bomba:
mwamba ukisukuma, bomba linateleza kidogo,
linashika, linaachia, linashika tena,
na kila sentimita mwamba unailipia.
Wavu unavimba kama tumbo la shibe.
Zege linapasuka, linaning'inia wavuni, halianguki.
Mgeni akiona hukimbia.
Mimi husoma utepe.

Odilon amestaafu. Nilimtembelea Aprili:
barafu ya ardhini imeinua nyumba,
mlango wa jikoni haufungi,
naye kavaa miwani, anaupiga randa ukingoni,
ganda moja jembamba, anajaribu, ganda jingine.
Hakuniuliza habari za mgodi.
"Ngapi?" tu.
"Nne."
Akaitikia kwa kichwa, akapuliza vumbi la mbao.

Leo, Novemba, nimerudi pini namba kumi na saba.
Tarakimu niliyoipaka ukutani kwa rangi nyekundu
imekunjamana: saba imeota goti.
Gari bado linapita, ukikunja vioo.
Nimeandika, nimetia sahihi,
nimepiga honi, nikapita.