Kona Iliyokatwa

Vitabu vyake sikuvisoma hadi nilipostaafu.
Nilimjua kwa gramu.

Enzi zile, pale Wuhu, mswada ulisafiri bure:
ukikata kona ya bahasha kwa mkasi,
jarida lenyewe ndilo hulipa.
Bian Suqin alikuja kila Jumatatu, zamu ya usiku ikimtoka machoni,
vidole vimechanjwa na vioo vya kiwanda cha chupa za chai,
akaiweka bahasha juu ya mizani yangu
kama mtu anayelaza mtoto bila kumwamsha.
Gramu mia moja na tisini. Hefei.
Gramu mia mbili na kumi. Nanjing.
Chwa! Pembetatu ndogo ikadondoka kauntani.
Nikaifagia.

Miezi miwili, zinarudi, nene vilevile.
Sisi wa posta tunaujua unene huo,
hauhitaji kufunguliwa.
Mumewe Geng, mwendesha winchi gatini,
aliwahi kuniuliza, sauti chini:
"Huwezi kuzipoteza mbili tatu njiani?"
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Na Jumatatu iliyofuata mkewe huyo hapo:
alikata kona, hakukata tamaa.

Mwaka wa themanini na mbili, msimu wa mvua za plamu,
ukuta unatoka jasho, stempu zinagandana,
ikaja bahasha nyembamba.
Karatasi moja. Gramu saba.
Niliinua mbele ya taa (ni kosa, nakiri)
nikauona muhuri mwekundu wa mhariri.
Nilifunga dirisha saa nne asubuhi, foleni ikinitukana,
baiskeli mbio hadi lango la kiwanda.
Wiki ile alikuwa zamu ya mchana. Akatoka na aproni,
vumbi la kioo likimeremeta kwenye nyusi,
akaisoma, akaikunja mara nne, akasema:
"Wamebadilisha jina la hadithi."
Akarudi ndani.

Kisha magunia.
Askari wa mpakani, muuguzi wa Lanzhou,
mfungwa aliyeandika kwa penseli kila mwezi,
msichana aliyetuma jani la ginko bila neno hata moja.
Kiwanda kikampa meza, mji ukampa vyumba viwili,
ikafuata picha gazetini, mkutanoni Beijing,
amevaa koti la kuazima, mikono kaificha.

Kilichofuata sikijui.
Watu wana yao: kwamba sifa zilimlevya,
kwamba kitabu cha tatu kilimgusa asiyeguswa,
kwamba Geng alipoangukiwa na kreti, wino ulikauka.
Mizani haisemi kwa nini. Husema kiasi gani.
Nami nasema: miaka kumi na mmoja, sifuri.
Alikuja kununua stempu za Mwaka Mpya, tukajadili bei ya kabichi.
Kiwanda kikauzwa. Wenzake wa zamani
wakawa wanachoma mishikaki kando ya barabara;
usiku ungemkuta kwao, kigodani, akimenya vitunguu saumu,
anasikiliza, anasikiliza tu.

Mwezi wangu wa mwisho kazini
barua zilishakufa, tulipima viatu na chaja za simu.
Akaingia, nywele nyeupe pe,
kifurushi cha gazeti na uzi wa jikoni.
Akakilaza juu ya mizani, taratibu ileile.

"Kinakwenda wapi?"
"Hakiendi. Nataka kujua tu."

Gramu elfu moja mia moja na arobaini.
Aliitamka namba hiyo kwa midomo, bila sauti.
"Ajabu," akasema, "nyumbani kilikuwa kizito zaidi."
Kisha akaomba mkasi.
Nikamwambia, Mama Bian, utaratibu ule ulifutwa zamani,
siku hizi hata aliyezaliwa posta haukumbuki.
"Najua," akasema, na akakata.

Akaondoka na kifurushi kwapani,
na mkasi wangu.
Bado anao.