Mifupa ya Kuazima

Kiunzi nilikipata bure, cha askari mrefu,
mapaja kama nguzo, shingo wima.
Nikakiingiza mwilini mwa M'Ntabugi, mchukuzi wa Kadutu,
niliyemchonga kwa kompyuta: mfupi, mpana wa nyonga.
Akatembea. Miguu ikazama ardhini hadi magotini,
viwiko vikapenya mbavuni, vikatokea upande wa pili.

Nikafupisha paja, nikashusha bega,
kiungo baada ya kiungo, hadi umeme ukakatika;
ukarudi usiku wa manane, nikaanza tena kwenye goti.
Kisigino sasa kinagusa udongo.
Lakini mwendo bado ni wa askari
anayekwenda kupokea mshahara.

Asubuhi nikashuka sokoni kumtazama mwenyewe.
Mvua ilikuwa imenyesha, kilima utelezi mtupu.
Hakuanza na mguu. Alianza na paji la uso:
kamba ikakaza, shingo ikasogea mbele,
mgongo ukafuata, na nyayo, mwisho kabisa,
zikaenda kutafuta jiwe.
Nikarudi, nikaongeza mfupa ambao madaktari hawana jina lake,
kati ya nywele na nyusi.

Jumapili akaja, akavua kandambili mlangoni,
akajitazama kwenye skrini akipanda, akipanda.
"Mguu ni wangu," akasema. "Hata kidole kilichopinda.
Ila hilo gunia, umetia kilo ngapi?"

Sikuwa nimetia kitu. Gunia lilikuwa picha tu.

Akacheka hadi akashika ukuta.
"Ndiyo maana hahemi."